Kwenye benchi la bibi

Jumatatu iliyopita, katika kituo kimoja cha afya hapa Kasongo, muuguzi alitoa kichwa dirishani akauliza, "Nani hapa iko anajua Kibangubangu?" Mbele yake alisimama mama mzee kutoka kijiji cha upande wa Kabambare, asiyejua lugha nyingine.

Nikiwa kwenye benchi chini ya dirisha hilo, niliinua mkono haraka. Marehemu bibi yangu alikuwa mwalimu, na alipostaafu alikaa kwenye benchi hilohilo kila Jumatatu, akiwatafsiria wagonjwa bure. Nami katika safu hii nimewakemea sana vijana wasiojua lugha za kwao.

Nikamsalimu mama kama bibi alivyonifundisha, mkono kifuani. Akafurahi. Salamu zikaisha, na Kibangubangu changu kikaishia hapo.

"Muulize kama dawa ya kwanza ilimusaidia," alisema muuguzi.

Niliuliza kwa vidole zaidi kuliko maneno. Mama akaeleza kwa kirefu, akigusa mashavu. Nikaitikia kwa kichwa kama mtaalamu.

"Anasema ilimusaidia sana."

"Hapana," alisema mwendesha pikipiki aliyemleta, akiingia na tope hadi magotini. "Anasema ilimuvimbisha uso."

Muuguzi alichana karatasi ya dawa aliyokwisha kuiandika. Mama akamwambia yule wa pikipiki jambo, huku akinitazama kwa huruma.

"Anauliza kama wewe ni mujukuu wa ule mwalimu," akanitafsiria. "Anasema unasalimia sawasawa na ule mwalimu. Lakini yeye, kama hakusikia vizuri, alikuwa anauliza tena."

Wiki hii, wasomaji, simkemei mtu.