Salamu Zilimaliza Muda, Choo Hakikutajwa

Saa moja asubuhi, Victoire Wilondja anafungua chupa ya maji, analowesha midomo, anafunga. Basi. Chupa inarudi chini ya cherehani, na hataigusa tena mpaka jua lishuke nyuma ya maghorofa ya Marshalltown. Ukimwona utadhani amefunga. Hajafunga, hana pa kwenda haja.

Fundi huyu wa nguo ni Mbembe kutoka Fizi, mashariki mwa Kongo. Ameshona kando ya barabara hii ya katikati ya Johannesburg tangu bintiye alipokuwa mgongoni. Leo binti yuko sekondari, na akisemeshwa Kiswahili anajibu Kizulu. Mengi yamebadilika, ila choo cha wachuuzi hakijaonekana.

Anayebanwa hununua soda asiyoihitaji ili mwenye duka amruhusu kupita uani. Kupunguza suruali kunampa Victoire randi hamsini. Akibanwa mara mbili, karibu nusu ya hizo imekwenda. Kwa hiyo hanywi. Mwaka jana figo zikamlaza, na daktari akamwambia anywe maji kwa wingi.

"Nilicheka," anasema, macho yakiwa kwenye sindano. "Nikamwambia, docteur, kunywa si shida. Shida ni yakitaka kutoka."

Sasa, kila mwaka halmashauri ya jiji huwaita wakazi watoe maoni juu ya bajeti kabla haijapitishwa. Wachuuzi wa hapa wana vyama vyao vya kabila: Wabembe, Wafuliru na Washi wa Kongo, na Warundi wana chao. Ni vyama vya kuzikana na kuozana. Bajeti ya jiji waliiona kuwa mambo ya wenye nchi, hadi mwaka jana walipopata nafasi ya msemaji mmoja, kwa dakika tatu.

Wakamtuma mkubwa wao, François Bisimwa, Mshi muuza viatu wanayemwita Papa, yaani baba. Kwao, anayesema kwa niaba ya wengi husalimu kwanza, kabila kwa kabila. Ukiruka mmoja, umemtukana. Papa François hakuruka mtu. Alisalimu meza kuu, wachungaji, kina mama, akaja kwa Wabembe, Wafuliru, Washi, Warundi, akawapa pole waliofiwa, akaishukuru Afrika Kusini kwa kuwapokea. Alipovuta pumzi aingie kwenye hoja ya choo, kengele ikalia.

Ukumbi ulimpigia makofi kweli kweli. Katibu akaandika kwamba wachuuzi wanashukuru.

Eish! Mtu anaweza kucheka mpaka akumbuke kwamba Victoire alisubiri mwaka mzima mwingine na figo zake.

Safari hii aliomba kusema yeye. Hapo pakawaka. Hénock, kinyozi anayewaongoza Wafuliru, alisema wazi kwamba Mbembe akisimama, choo kitakuja kuitwa cha Wabembe. Papa François naye alinuna, kwani kumpa mwingine nafasi yake kulikuwa kumwambia alishindwa. Majuma mawili walibishana, huku kila mmoja akiendelea kununua soda zake.

"Niliwaambia, kibofu hakina kabila," anakumbuka Victoire. "Lakini niliona kwamba salamu wanaitaka kweli. Si ya kudharau. Ni kitu tulichokuja nacho."

Akapata njia. Siku ya kikao wote walifika mapema, wakasimama nje ya ukumbi. Hapo Papa François alisalimu hadi akatosheka, hakuna aliyeachwa, na kila kabila likamwitikia kwa zamu. Astère, kiongozi wa Warundi, naye aliitikia kwa kirefu. Mlinzi akatoka kuuliza kama kuna msiba. Papa François akamsalimu na yeye.

Ndani, Victoire alisimama na Kiingereza chake cha kuokoteza. Alisema wao ni Wabembe, Wafuliru, Washi na Warundi wanaofanya kazi Marshalltown, na wanaomba fungu la choo na bomba la maji liingizwe kwenye bajeti. Akasema aliwahi kulazwa hospitali kwa kukosa pa kwenda haja. Akaketi. Ukumbi ulisubiri, ukidhani ndiyo kwanza anaanza.

Mwenyekiti alikuwa na muda wa kuuliza. Nani atakitunza? Hénock akanyanyuka kabla hajaitwa.

"Tutapokezana, kabila kwa kabila," alisema. "Zamu ya kwanza ni ya Wafuliru."

Papa François, anasema Victoire, alimtazama Hénock kama mwanawe aliyefaulu mtihani. Na katibu, safari hii, aliandika neno choo.

Bajeti itapigiwa kura mwishoni mwa Mei. Hakuna aliyewaahidi kitu, na Victoire si mtoto wa kudanganywa kwa pipi. Anajua kuna mitaa mingine, na wengine nao walisimama wakaomba barabara na taa. Wakikosa, anasema, watarudi mwakani, na watasalimiana tena nje.

Na wakipata? Anasimamisha cherehani, anainama, anaitoa ile chupa na kuifuta vumbi kwa kipande cha kitenge.

"Siku hiyo nitaimaliza yote asubuhi," anasema. "Halafu nitamwomba Papa François atusalimie, mmoja mmoja, pole pole. Mimi sitakuwa na haraka."