Mmarakuja Uliohamia kwa Yvette

Nakumbuka Jumapili moja ya kiangazi, mwanangu, nimesimama dirishani jikoni kwetu kule Ixelles, mtaa wa Brussels, nikisikia wanawake wakicheka upande wa pili wa ukuta. Walikuwa wametoka misani, wakapitia kwa jirani yangu Maman Yvette kuangalia maua. "Yvette, uko na mukono ya baraka!" mmoja alisema. "Hapa ni kama nyumbani kabisa!" Nikafunga dirisha na joto lote lile, kwa sababu maua waliyokuwa wakiyasifu yalikuwa yangu.

Ngoja nikueleze. Miaka ile ya tisini mimi na mume wangu tulikuwa bado wageni Brussels. Tulitoka Bukavu, kule Kongo, na watoto wetu, tukapanga nyumba ya chini yenye kiua nyuma, kidogo hivi kwamba ukianika mashuka huna pa kusimama. Nilitamani kuona kitu cha kwetu kikiota. Nikapanda bugenvilia na hibiskusi kwenye vyungu, na mbegu za marakuja nilizotoa katika tunda la soko la Jumapili, pale kituo cha treni cha Gare du Midi. Baridi ilipoingia niliviingiza vyungu vyote ndani. Watoto wakawa wanaruka vyungu kwenda kulala, na mume wangu akalalamika kwamba anakula msituni. Nilivumilia.

Kumbe kiua chetu kilikuwa na kivuli kutwa nzima. Hibiskusi ilitoa vitumba vya maua vikaanguka kabla ya kufunguka. Bugenvilia ikanipa majani na miiba. Mmarakuja ndio uliokuwa na akili: nilipouhamishia ardhini, ulipanda ukuta, ukachungulia kwa Yvette ambako jua lilipiga tangu adhuhuri, ukahamia huko. Mizizi kwangu, maji kwangu, samadi kwangu. Maua kwake. Na kiangazi kilichofuata, kilichokuwa kikali, matunda pia.

Yvette alikuwa mtu wa Uvira, akiishi peke yake, akifanya kazi ya kulea wazee. Hakusema kamwe kwamba mti ni wake. Lakini mimi nilijiambia: mbona hasemi kwamba ni wangu?

Wivu ukiingia, mwanangu, hautosheki na jambo moja. Nilianza na maua, nikaenda kwenye kicheko chake, nikafika hata kwenye jinsi anavyofunga kitambaa kichwani. Akinisalimia kituo cha basi cha Flagey, namjibu kwa nusu mdomo. Nilikuwa napanda juu ya ndoo kuchungulia matunda yamefikia wapi, nikishuka roho inaniwaka. Siku moja mume wangu akasema mezani, bila ubaya wowote, "Marakuja ya Yvette inazaa muzuri." Marakuja ya Yvette! Sikumsemesha hadi kesho yake.

Jumamosi nikachukua mkasi wa bustani, nikapanda juu ya ndoo, nikauweka kwenye shina pale linapovuka ukuta. Mlango wa Yvette ukafunguka, akatoka na kikombe cha chai.

"Maman Neema, unafanya nini na iyo makasi?"

Ningeweza kudanganya kwamba nasafisha majani makavu. Sijui kwa nini sikuweza.

"Niko nakuonea wivu, Yvette," nikasema. "Muti ni yangu, niliilea kama mutoto. Alors, maua ni yako, matunda ni yako, batu banakusifu weye. Nilitaka niikate."

Nilingoja anitukane. Akaweka kikombe chini.

"Bon. Donc tuko babili," akasema. "Weye unanionea wivu juu ya matunda. Miye naikalaka hapa kila magaribi kusikiliza batoto bako. Siku ingine nafunga mulango, sitaki kubasikia. Bangu banabakia Uvira na mama. Ule mudogo hajue tena sauti yangu."

Nilijua ana watoto. Sikuwahi kumwuliza majina yao.

Nikashuka kwenye ndoo. Mchana ule niliwachukua wanangu tukazunguka kwa mlango wa barabarani, tukala matunda yale kwake, makali hata watoto wakafumba macho, na yeye akawaomba wamwimbie. Usidhani wivu uliisha siku hiyo. Kitinda mimba wangu alipoanza kumwita "maman", ulirudi, nami nikamwambia Yvette. Akacheka, kisha akamfundisha mtoto kuniita mimi hivyo na yeye tantine, yaani shangazi.

Karatasi za kuwaleta watoto wake zilichukua muda mrefu. Walipofika tulienda wote uwanja wa ndege wa Zaventem kuwapokea. Mkubwa alimkumbatia mama yake akilia. Yule mdogo alimtazama Yvette kama mtu wa barabarani, akaja akashika sketi yangu. Niliuona uso wa Yvette, mwanangu, na sitausahau. Ndani ya basi mtoto akalala mapajani mwangu.

"Neema," Yvette akasema polepole, "leo niko nakuonea wivu kuliko siku yote."

"Sema yote," nikamwambia.

Akayasema yote, mengine makali, huku machozi yakimtoka, mpaka tukafika. Tuliposhuka nikamwekea mtoto mgongoni akiwa bado amelala. Asubuhi aliamka mikononi mwake, na ikawa mwanzo.

Basi, mwanangu, wewe unayekwenda kuanza nyumba yako, sikuambii usiwe na wivu. Walioniambia hivyo mimi walikuwa nao pia. Nakuambia hivi: ukikukamata, usiupeleke kwa mashoga zako wala usiufiche ndani ya salamu. Umpelekee yule unayemwonea, kwa maneno, mapema. Na mtu akikuletea wa kwake, usimcheke. Mpe kiti, umsikilize hadi mwisho, hata kama atasema jambo la kukuumiza.

Mungu akujalie jirani unayeweza kumwambia kweli, na akupe kifua cha kuipokea ya kwake. Milango ya nyumba yako isikose watu wa kuingia. Nenda na baraka zangu, mwanangu.