Kura Sita za Nyanjige

Tangu vyama vingi vianze, Nyanjige hakuwahi kukosa uchaguzi mkuu hata mmoja. Wala hakuwahi kukanyaga kituo cha kupigia kura.

Mambo yalikuwa hivi. Asubuhi ya kila uchaguzi, mumewe Shigela alichukua kadi zote mbili, akazifunga kwenye mfuko wa nailoni, akapanda baiskeli kwenda shuleni. "Mama Kabula, nitatupigia wote," alisema. Nyanjige alibaki nyumbani, kijijini kwao upande wa Zagayu, akipika wali na kuku. Shigela akirudi alikula kwanza, ndipo akatoa taarifa.

"Umempigia mtu mzuri sana. Mrefu. Ana sauti."

Nyanjige hakuzichukulia kura hizo kimchezo. Mvua ilipobomoa barabara, alikosa raha wiki nzima, maana diwani alikuwa wa kwake. Na uchaguzi wa mwaka 2010 Shigela alirudi amenuna. "Mwaka huu tumepishana," alisema. "Kura yako umempa adui yangu." Nyanjige akamwomba radhi siku mbili.

Septemba 2024 waandikishaji walifika kuboresha daftari. Kadi ya Nyanjige ilikuwa imeliwa na mchwa ndani ya sanduku la Shigela. Kwenye picha lilibaki sikio tu. Akaenda kuomba nyingine. Mwandikishaji alikuwa Harieth, mwalimu kijana kutoka Bukoba.

"Shikamoo, mayu," Harieth alisema. Neno hilo la kumwita mama kwa Kisukuma alishalizoea. Akaigeuzageuza ile kadi. "Hili sikio ni lako?"

"La kwangu. Nimepiga nalo kura miaka yote."

"Hongera. Kituo gani?"

"Nyumbani."

Harieth akaacha kuandika. Nyanjige akamweleza yote, kuanzia baiskeli hadi kuku. Yule mwalimu akauma midomo asicheke.

"Mayu, kura hapigiwi mtu na mwenzake. Hata mume haruhusiwi kukupigia. Hujapiga hata moja."

Nyanjige alirudi nyumbani mbio, kanga mkononi. Alimkuta Shigela ameinama, anaziba pancha ya baiskeli.

"Baba Kabula! Yule mrefu nilimchagua lini?"

Shigela hakuinua kichwa. "Mwaka ule wa kwanza niliwapa wasimamizi kadi yako, wakanifukuza kwenye foleni. Nikaona nikikwambia utahuzunika."

"Na mara nyingine tano?"

"Kuku alikuwa ameshachinjwa, Mama Kabula."

"Na ile 2010? Ulininunia siku mbili kwa kura ambayo haipo?"

"Hapo," Shigela alikiri, "nilijisahau. Nilikasirika kweli."

Nyanjige alitaka kulia, ikatoka kicheko, kisha hasira, kisha kicheko tena.

Novemba ukafika uchaguzi wa mwenyekiti wa kitongoji. Nyanjige aliondoka alfajiri, akamwachia Shigela sufuria na kuku mzima mzima, bado anatembea. Kituoni msimamizi akampa karatasi moja.

"Ongeza sita," Nyanjige alisema.

"Sita za nini, mama?"

"Malimbikizo. Tangu mwaka tisini na tano."

Foleni ikaangua kicheko. Msimamizi akamweleza kwa upole kwamba kura hazilimbikizwi. Nyanjige akaichukua ile moja, akaingia nyuma ya pazia, akakaa humo mpaka watu wakaanza kupiga miluzi.

"Mama, kuna tatizo?"

"Tulieni! Mimi ndiyo kwanza naanza."

Jioni alisimama nje ya dirisha kusikiliza kura zikihesabiwa. Kila mara jina la mgombea wake liliposomwa, alipiga kelele: "Hiyo yangu!" Baada ya kura kumi na moja za namna hiyo, mgambo akamsogeza hadi kwenye uzio.

Mgombea wake aliangushwa vibaya mno. Nyanjige alitembea kurudi kwake akitabasamu peke yake, akasalimia kila aliyekutana naye. Uani alimkuta Shigela kapakaa masizi hadi kwenye nyusi, wali umeungua, na kuku yuko juu ya paa.

"Umempigia nani?" Shigela aliuliza.

"Siri," alisema Nyanjige, akavuta kigoda, akakaa kusubiri chakula chake.