Mikono Pembeni mwa Picha

Watu wakinisifu kwamba najua kukosoa picha ya mtu bila kumuumiza, huwa natamani kuwatukana. Najua, ndiyo. Nilijizoeza hapa hapa Juba, kwenye meza ya pembeni ya mgahawa wa hoteli ya Amarat ninakofanya kazi mapokezi, na sifa hiyo imenitokea puani.

Tulikuwa watano tunaopenda kupiga picha. Jumapili baada ya kanisa, wageni wakiwa wamejifungia vyumbani kwa ajili ya joto, tuliagiza chai tukapitishiana simu. Barabarani hatupigi. Ukiinua kamera barabarani, anatokea mtu usiyemjua, hana sare, anataka kibali. Kwa hiyo tulipiga vya ndani ya ua: sufuria, kuku, nguo kambani, watoto. Mimi peke yangu nilikuwa na kamera ya kweli, niliyotoka nayo Nairobi, na kwa sababu hiyo tu nikajipa ualimu.

Sheria niliziweka mimi. Unaanza na sifa, unataja kasoro moja, unatoa dawa yake. Kucheka picha ya mtu ni marufuku. Na wakati picha yako inajadiliwa, wewe mwenyewe unafunga mdomo. Huelezi ulitaka nini wala ilikuwaje. Picha ijitetee yenyewe, nilikuwa nikisema, na niliusema huo upuuzi kwa sauti ya mtu aliyefika mbali. Mwisho mwenye picha anashukuru, inaletwa nyingine.

Kati yetu alikuwamo mama mmoja kutoka Uganda, muuza mitumba wa soko la Jebel. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka na kila mara ilimlilia kwamba imejaa. Mambo ya kamera hakuyajua hata kidogo, lakini alikuwa na jicho. Mimi nilikuwa na kamera.

Jumapili moja alituonyesha picha ya binti yake akisukwa mlangoni mwa nyumba. Upande mmoja wa kichwa umeshasukwa, upande wa pili nywele zimesimama, na mtoto amegeuka kumtazama mpigaji, uso umekunjwa kwa maumivu na kicheko kinambana. Mwanga wa mlangoni ulikuwa umemkalia shavuni. Kushoto kabisa, ukingoni, ilionekana mikono miwili ya mtu mzee, mmoja umeinua kitana, mwingine umeshika uzi. Mwenye mikono hakuonekana, ila kipande cha kitenge cha kijani.

Mimi sikuwahi kupiga picha kama ile na nilijua sitaipiga. Meneja wetu alikuwa ameahidi kutundika picha moja ya kundi kwenye ukuta wa mgahawa, na nilikuwa nimeshajiona mimi ukutani. Ulikuwa wivu, nisiutafutie jina zuri.

Nikafuata sheria. Nikasifu mwanga, nikasifu uso wa mtoto. Halafu nikasema, "Kasoro ni moja tu, mama. Hii mikono haina mwenyewe. Inavuta jicho, mtu anaacha kumtazama mtoto. Kata hapa."

Mwenzetu mwingine, Msomali wa Garissa mwenye duka la jumla, akasema, "Dada, mimi naona ukitoa mikono hakuna picha tena."

"Huyo mtoto anatosha," nikamjibu. "Tumsaidie mwenzetu, tusimchanganye."

Yule mama alifungua mdomo. Nikamwinulia kidole, kumkumbusha kwamba zamu yake haijafika. Akaufunga. Naukumbuka mdomo ule kuliko picha yenyewe.

Nilichukua simu yake nikakata mimi mwenyewe. Simu ikauliza kama ihifadhi nakala au ibadilishe ile ya mwanzo. Nikabonyeza kubadilisha, maana nafasi hakuna. Kisha nikamwonyesha pale picha zilizofutwa zinapolala, nikamwambia hizo ndizo zinazomjazia simu, tukafagia zote. Wenzetu wakapiga makofi. Picha iliyobaki ilikuwa ya mtoto mwenye nywele nusu, kama zile za kadi ya shule. Yeye akasema asante.

Ukutani ilitundikwa yangu, ya mlima wa Jebel Kujur asubuhi, nimeipiga nikiwa juu ya paa la hoteli. Yeyote mwenye ngazi angeipiga.

Miezi kadhaa baadaye, siku ya kazi, yule mama aliingia mapokezi na mfuko wa safari begani. Mama yake mzazi alikuwa amefariki kwao Arua, na basi lilikuwa linaondoka baada ya saa moja.

"Dada," akasema, "ile picha ya mtoto, ile ya kwanza kabisa. Wewe iko nayo? Ile iko na mikono ya mama yangu."

Nilimuuliza, ingawa nilishaelewa, kwa nini hiyo na si nyingine.

"Nyingine hakuna. Mama alikataa picha maisha yake yote. Unainua simu, yeye anajifunika kitenge. Siku ile nilimuomba, nilimuomba, akasema sawa, mikono tu, uso hapana. Ndiyo nikaiweka pale pembeni, vile alitaka." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilitaka kuwaambia ile siku, lakini sheria ilikataa."

Nilichukua simu yake. Nikafungua hapa, nikafungua pale, nikarudi tena, ili tu nisimtazame. Nilijua hakuna kitu. Nilikuwa nimefagia vizuri.

"Hakuna, dada?"

"Hakuna."

"Kwa nini? Mimi nilikosea?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Hatukuwa na mgeni hata mmoja, tulikuwa sisi wawili na feni. Ningesema: si wewe, ni mimi, nilikuonea wivu nikaikata mikono ya mama yako nikaiita kasoro. Badala yake nikasema, "Ni simu. Hizi simu za siku hizi zikijaa zinafuta zenyewe."

"Kalas," akasema, kama watu wa hapa wanavyosema jambo likiisha. Aliitazama simu yake kwa hasira, hiyo simu ambayo haikumkosea chochote. Kisha akaomba nimchapishie hata ile iliyobaki, kwa kuwa mtoto amechukua paji la uso la bibi yake na watu wa nyumbani wataliona.

Nilichapisha kwenye mashine ya mapokezi, karatasi nzito. Nikatafuta bahasha ngumu isikunjike njiani. Mshona majeraha hodari, mimi. Aliishika mikono yangu yote miwili, akaniambia Mungu anibariki, kwamba katika Juba nzima hana mtu mwingine wa kumsaidia mambo ya picha.

Alirudi baada ya matanga. Sikumwambia, na sijamwambia. Juzi Jumapili alikuja na picha tatu, akaziweka mbele yangu kabla ya kuzionyesha kwa wengine, akaniuliza nini cha kukata.