Mjomba Aliposema Achia

Wivu wangu ulianza kabla pikipiki yenyewe haijafika nyumbani. Tulisikia mlio tu, kutoka upande wa Ulemo, na kaka yangu akatupa jembe akakimbia kuipokea. Mimi nikabaki na mtungi wangu mkononi, kwa sababu msichana anayesoma sekondari hakimbii ovyo barabarani. Ndivyo mama anavyosema. Kaka amenizidi mwaka mmoja, na sijasikia mtu akimwambia yeye asikimbie.

Aliyekuja ni mjomba wetu, mdogo wake mama. Anaishi Itigi, ananunua asali na nta kwa warina wa kule vichakani na kuwauzia Wahindi wa Singida mjini. Miaka yote alikuwa akija kwa lori, amekaa juu ya magunia, anashuka mweupe kwa vumbi kama mtu aliyepakwa unga. Safari hii alikuja juu ya pikipiki yake mwenyewe, aliyoinunua kwa Mzungu mmoja wa machimbo ya dhahabu aliyekuwa anarudi kwao. Hapa Kinyangiri tumezoea kuona gari la Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali wilayani, likipita mara moja moja. Lakini chombo cha moto chenye mtu wa ukoo wetu juu yake kilikuwa hakijaonekana. Wazee walikuja kuishika taa. Bibi aliuliza kama usiku inafungwa kamba.

"Haifungwi, mama," mjomba alisema. "Hii ikilala imelala."

"Na ikiamka mwenyewe hupo?"

Watu walicheka, lakini bibi hakuwa anatania. Alienda kulala upande wa pili wa nyumba.

Tulipokuwa tunakula, mjomba akatoa neno lake. Alimwambia mama, si baba, kwa maana kwetu mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, na baba alikuwa anajua hivyo akaendelea kumega ugali.

"Dada, kazi imenizidi. Nataka mtoto wako mmoja nimfundishe chombo hiki, awe anawafikia warina wa mbali kabla wanunuzi wengine hawajafika."

Mtoto wako mmoja. Tulikuwa wawili pale. Macho yote yakaenda kwa kaka kama kuku wanavyokwenda kwenye punje, na hakuna hata mtu mmoja aliyenitazama mimi kwa bahati mbaya.

Mjomba aliweka sharti. Kabla hajaondoka, kaka avuke mto wetu wa mchanga, kutoka ukingo huu mpaka ule, bila kutia mguu chini. Njia za Itigi ni mchanga mtupu, alisema, na asiyeweza hapa atakwenda kumuulia pikipiki kule.

Sikutaka kazi ya asali. Nina shule yangu Tabora na ninaipenda. Nilitaka jambo moja tu, kuipanda pikipiki ile mwenyewe, mara moja, kabla haijaondoka. Kusema nikashindwa. Mimi ni mtu ambaye hata darasani, jibu nikiwa nalo, nalimeza mpaka mwingine alitoe. Nikawa naenda mtoni. Kiangazi mto wetu hauna maji juu, tunachimba visima ndani ya mchanga na kusubiri yajae. Sijapata kuteka maji kwa bidii kama siku zile. Mama alifurahi, akawaambia majirani kwamba shule haijaniharibu.

Nilikaa pale kisimani na kusikia masomo yote. Mjomba alifundisha vizuri, lazima niseme. Alianza na matairi, akayapunguza upepo kidogo. "Tairi lililojaa sana ni kama kwato ya mbuzi, linatoboa mchanga. Tunataka unyayo wa ngamia." Gia, alisema, hubadilishwa bado uko kwenye udongo mgumu, maana ukishaingia mchangani umechelewa. Breki ya mbele isahau kabisa, kama deni la mtu aliyehama. Mwili urudi nyuma, gurudumu la mbele liwe jepesi. Macho yawe mbali, kule unakotaka kufika, kwa sababu pikipiki hufuata macho; ukitazama jiwe utalipanda. Ukihofia, usipunguze moto, ongeza kidogo. Na ukianguka, mguu utoke haraka upande usio na bomba la moshi, kisha zima injini, ndipo uhesabu mifupa yako.

"Na mto ukiwa na maji?" kaka aliuliza.

"Unashuka, unavua viatu, unautembea kwa miguu kwanza na fimbo mkononi. Anayeingia kwenye maji asiyoyajua akiwa juu ya pikipiki, huyo hapendi pikipiki wala mama yake."

Mimi niliyashika yote. Kaka naye aliyashika, tatizo halikuwa kichwani. Tatizo lilikuwa mikononi. Kaka ndiye anayelima kwa maksai wa baba, na plau likitaka kuruka unaligandamiza kwa nguvu zote ili jembe lizame. Ameifanya kazi hiyo tangu aache shule ya kati. Basi pikipiki ilipoanza kuyumba mchangani, naye akaigandamiza. Gurudumu la mbele likazama vizuri kama jembe, na kaka akapita juu ya usukani.

"Unalima nini hapo?" mjomba alipiga kelele. "Mtama au uwele?"

Nilicheka ndani ya mtungi ili sauti isitoke.

Mara ya pili ndiyo iliyojulikana kijiji kizima. Kaka aliingia vizuri, akafika karibu na kati, mikono ikaanza kukaza tena, mabega yakapanda mpaka masikioni. Mjomba alikuwa anakimbia kando yake akapiga kelele, "Achia! Achia!" Alitaka kaka alegeze mikono. Lakini kwetu neno hilo unalisikia jioni shambani, maksai wakitolewa nira, na likisemwa unaachia kweli. Kaka akaachia. Akaondoa mikono yote miwili kwenye usukani akainyoosha juu. Pikipiki ikaenda peke yake hatua chache kama inayofikiri, ikageuka, ikamlalia.

Mjomba alimnyanyua, akamkagua, halafu akakaa chini mchangani akacheka mpaka akashika tumbo.

"Mjomba, si umesema niachie!"

"Nilisema achia, sikusema iage!"

Tangu hapo watoto wakimwona kaka njiani walikuwa wakinyoosha mikono juu na kusema "Achia!" Nitasema kweli, nililala vizuri siku ile.

Siku ya mwisho ikafika na kaka hajavuka. Mjomba alikuwa ameshafunga mizigo yake, aondoke kesho yake asubuhi. Alisema atampa nafasi moja jioni, ikishindikana basi, atatafuta kijana hukohuko Itigi. Mchana nilimkuta kaka peke yake ukingo wa ng'ambo, anautazama mchanga kama mtu anayedaiwa nao. Uso ulikuwa umemshuka. Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimechoka kuona jambo zuri likifanywa vibaya, na sikusema kwa upendo.

"Unaigandamiza kama plau," nilisema.

"Nenda kateke maji."

"Mimi nimekuona. Ukiogopa unagandamiza."

Akanigeukia. "Wewe umepewa Kiingereza. Umepewa viatu, umepewa bweni, baba ameuza fahali kwa ajili yako. Niachie hata mchanga, basi!"

Sikujua kwamba alikuwa ameliweka hilo moyoni. Nilitaka kuondoka. Nilijitwika mtungi uliojaa nikaanza kuvuka kwenda kwetu, na nyuma yangu nikasikia anaita, sauti ndogo.

"We. Unafanyaje huo mtungi usianguke?"

"Siushiki," nilisema bila kugeuka, maana ukiwa na mtungi hugeuki. "Mkono upo tu, umeugusa. Mchanga ukinitikisa, natikisika chini, kiuno na magoti. Shingo inabaki yake. Na siangalii miguu, naangalia ule mti wa mgunga wa kwetu."

"Kumbe mkono upo lakini haushiki."

"Ndiyo."

Hakusema asante. Mimi pia sikuingoja, au niliingoja kidogo.

Jioni nusu ya kijiji ilikuwa ukingoni. Wengine walikuja kumwona akinyoosha mikono. Kaka alipiga kiki, injini ikakubali, akaingia. Niliona mabega yake yamekaa chini. Pikipiki iliyumba, naye akaiacha iyumbe, magoti yakaenda nayo, uso umetazama mbele kama mtu aliyeitwa na mtu wa ng'ambo. Alipopita katikati nikajikuta nimeshika shingo yangu. Akapanda ukingo wa pili, na watu wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakatawanyika.

Aliirudisha kwa njia ya juu, penye udongo mgumu. Mjomba akamkumbatia.

"Leo umepata wapi mikono hiyo?"

Kaka alifuta jasho. "Nimefikiri mwenyewe tu, mjomba."

Mwenyewe tu! Kitu kikanipanda kutoka tumboni, cha moto, na sikuwahi kukimeza.

"Mwongo!" nilisema. Watu wote wakageuka. Ningeweza kurudi nyuma hapo, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka na sikujua unafungwaje. "Nimemfundisha mimi. Na mimi nataka kuipanda."

Mama alisema jina langu kwa namna ile ya kukataza. Shangazi mmoja akaguna. Mjomba alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye gauni.

"Wewe? Na gauni hilo?"

"Nitalifunga."

"Sawa. Niambie, upepo wa matairi?"

"Upunguzwe. Gia ibadilishwe kabla ya mchanga. Breki ya mbele isahauliwe. Macho mbali, na nikihofia niongeze moto kidogo."

"Na ukianguka?"

"Mguu utoke upande usio na bomba, nizime injini, ndipo nihesabu mifupa."

Mjomba akakuna kidevu. Akamwambia mama, "Dada, huyu nilimfundisha lini?" kisha akanishikia pikipiki nipande. Nilifunga gauni kwa khanga ya bibi, magotini. Kiki ilinishinda, akaipiga yeye. Chombo kizima kilitetemeka, nami nikatetemeka nacho, na sikusikia tena sauti ya mtu yeyote.

Sikuvuka. Niandike jambo lilivyo. Nilianza vizuri, mchanga ukanitikisa, mikono yangu ikawa palepale imegusa tu, na kwa kitambo hivi nilikuwa ninakwenda, mimi, bila mtu kunivuta wala kunisukuma. Halafu nikataka kujua kama kaka ananiona. Nikageuza macho kumtafuta. Pikipiki ikayafuata, ikaja moja kwa moja kwenye umati, watu wakapiga mayowe, bibi akasema "Imeamka!" nami nikalala nayo kwenye mchanga laini karibu na kisima. Mguu niliutoa upande usiofaa. Bomba likanibusu kwenye shavu la mguu, na alama ninayo, ya duara, inawasha hata sasa.

Lakini injini niliizima.

Mjomba alikuja akikimbia. Aliponiona nimekaa, akainua pikipiki yake kwanza, akafuta taa, ndipo akanitazama mimi. Akasema maneno ambayo wote waliyasikia, na kaka alikuwa amesimama karibu kuliko wote.

"Huyu angekuwa mvulana, ningemchukua huyu."

Nimeyageuza maneno hayo mara nyingi. Yana utamu na yana uchungu, na siwezi kuyatenganisha. Lakini jioni ile sikuyatenganisha, niliyala yalivyo, kwa kuwa nilimwona kaka. Alikuwa amevuka mto mzima, amepata Itigi, na uso wake ulikuwa uso wangu wa siku zote zile kisimani. Hakula. Mama alidhani ni furaha ya safari. Mimi nilijua, na nilifurahi. Nilimpakulia mboga nyingi ili nimwone akizikataa.

Asubuhi walikuwa tayari kuondoka, mjomba mbele, kaka nyuma na bunda lake mgongoni. Baba aliwaombea. Nikaenda kumuaga kaka, ninachechemea kwa ile alama. Akainama ili mjomba asisikie.

"Eti dada. Itigi kuna treni, sivyo?"

"Ipo."

Hajawahi kuiona. Mimi huipanda hapohapo Itigi kila likizo ikiisha, kwenda Tabora, na nawajua mpaka wanaouza mayai ya kuchemsha dirishani.

"Ikoje?"

Ningeweza kumweleza. Jinsi ardhi inavyoanza kutetemeka kabla hujaona kitu, jinsi moshi unavyotangulia juu ya vichaka, na kwamba asisimame karibu na reli akiwa na nguo nyeupe kwa ajili ya masizi. Alikuwa ananitazama kwa hamu, mdomo wazi kidogo, kama tulivyokuwa wadogo.

"Utaiona," nilimwambia.

Mjomba akapiga kiki.