Kitambaa cha Mke wa Mwalimu

Juzi nilikaribishwa Kibiti kwa mwalimu aliyeunganisha kompyuta yake mwenyewe kwa vipuri vya Kariakoo. Nilimkuta kashika kichwa. Mara ya sita anaiwekea mfumo wa Linux, mara ya sita imezimika katikati.

"CD nimebadilisha, memori nimebadilisha, Dar nimekwenda mara tatu," alisema. "Basi tena."

Mkewe akaleta chai, kisha akanyoosha kitambaa cha kudarizi alichoifunikia mashine, kama sote tunavyofunika redio, vumbi la barabara ya Lindi lisiingie. Kilikuwa kimeziba matundu yote ya feni. Nikagusa ubavu wa mashine: moto kama sufuria jikoni.

Mwalimu aliniona, akaelewa. Akakiinua, akabonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena. Ikatoka harufu ya waya ulioungua.

"Imekataa tena?" mkewe akauliza. "Na kitambaa nimekidarizi mwezi mzima, kikupendeze."

"CD hizi mbovu, mama," mwalimu akajibu. Akakirudisha juu ya mashine iliyokufa, akakinyoosha pembe kwa pembe.

Safu hii ya gazeti hujigamba kusema ukweli kila wiki. Siku ile ilikunywa chai, ikaaga.