Mpishi Mmoja wa Hama

Hapa Hama, ukimtaja Ustadhi Nasuhi, wazee watakwambia ndiye aliyetufundisha wasichana kusoma, mashehe wakimtukana na watoto wakimrushia mawe. Ni kweli, nami ni mmoja wa wasichana hao. Lakini mfinyanzi hulia gaeni. Dada yake, Bibi Wajiha, aliyempikia na kumfulia maisha yake yote, hakujua hata alifu.

Bibi akikaa kukomba biringanya za kujaza wali, Ustadhi naye huketi kizingitini na kalamu.

"Hiki kijisu mnakiitaje nyie wanawake?"

"Toba! Ndevu zote hizo, hujui kisu cha biringanya?"

Anamtajia huku akicheka, naye anaandika. Hivyo ndivyo alivyotunga kamusi ya lugha tunayoisema majumbani, si ile ya vitabuni. "Watu wasizionee aibu ndimi zao," alizoea kusema. Miaka nenda miaka rudi, masanduku mawili yakajaa karatasi.

Ustadhi alipokufa, mchapaji wa Damascus aliahidi kwamba arubaini ya msiba ikipita atakuja kuzichukua karatasi hizo. Mimi nilikuwa mji wa Homsi kwa mume wangu. Bibi hakuambiwa na mtu; nani amweleze mwanamke wa jikoni habari za vitabu?

Siku ya kuja mchapaji nami nilirudi. Masanduku yalikuwa matupu.

"Bibi, karatasi ziko wapi?"

"Nimezisitiri, mwanangu. Paa lilivuja, nikazitoa kuzianika, zikawa zinapeperuka sakafuni. Na kila moja ina bismillahi juu, hiyo naijua kwa umbo. Niache jina la Mungu likanyagwe? Nimezitia mto Asi kwa mkono wangu, kama walivyofanya mama zetu. Nikamsomea na Fatiha."

Mchapaji aliketi chini kwenye mawe ya ua. "Mama, ile ilikuwa kamusi yake."

"Kamusi ndiyo nini?"

Nilitaka kupiga kelele. Si kwake yeye. Nilimkasirikia aliyelala kaburini, Mungu anisamehe. Nje yale magurudumu makubwa ya kuteka maji mtoni yalikuwa yakilia vilevile kama kila siku.

Bibi aliingia ndani, akatoka na karatasi moja. Alikuwa ameibakisha chini ya mto wa kulalia, ina harufu ya tumbaku ya kaka yake. "Nisomee hii."

Nikasoma. Kilikuwa kile kisu, jina lake na kazi yake, na mwisho kabisa: "Nimelisikia kwa mpishi mmoja wa Hama."

"Mpishi gani?"

Nikaipekua karatasi pande zote; jina lake halikuwamo.

Mchapaji akatoa kalamu kwa pupa. "Mama, maneno si unayo kichwani? Basi tuanze upya, mimi na wewe."

"Muulizeni huyo mpishi," alisema Bibi, akaenda kufunga mlango wa jiko.

Nakwenda kumwona kila Ijumaa. Tunakula kimya. Akitaka chumvi, ananyoosha kidole.